Dharura Hii Ni Ipi?

Ndugu mwenyekiti, mtendaji wetu wa mtaa, wazee mliofika, wanakikundi wenzangu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Ahsanteni.

Nimeombwa niseme maneno machache kabla hatujafungua sanduku tukagawana. Mwenyekiti aliniambia nizungumzie matumizi bora ya fedha. Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima, nikaona kila aliyekaa hapa anaweza kulihubiri vizuri kuliko mimi. Nani hajui kwamba akiba inatoka kwanza ndipo matumizi yafuate? Nani hajui kwamba mkopo bila mpango ni balaa? Kujua kungekuwa kunatosha, pasingekuwa na mwenye deni katika mkutano huu. Kwa hiyo naomba ruhusa yako, mwenyekiti, niseme lililo jirani na hilo: jinsi mtu anavyojidanganya mwenyewe, macho yamefunguka, na jinsi nilivyojidanganya mimi kwa miaka mitatu nikiwa mweka hazina wa kikundi hikihiki chetu cha kuweka na kukopa.

Kwanza niwatoe wasiwasi. Fedha za kikundi hazijapungua hata shilingi. Daftari la kikundi mnalijua, linasomwa hapa kila Jumamosi mbele yenu. Daftari lililokuwa na kasoro ni la nyumbani kwangu.

Wengi mnaijua kazi yangu. Nafundisha hisabati shule ya msingi, na huu ni mwaka wa 19. Ubaoni sikubali jibu lisilo na njia. Mtoto akiniletea jibu tupu namrudisha kwenye dawati: nionyeshe njia, umefikaje hapo? Lakini ikifika tarehe 10 mshahara umekwisha, mimi njia sikuitafuta. Nilikuwa na jibu tupu ninalolirudia kila mwezi, "maisha yamepanda." Na ni kweli yamepanda, wala sitaki mtu aondoke hapa akisema nimekanusha. Ila ukweli huo niliufanya shuka. Nilijifunika nao nisione kilicho chini yake.

Mwaka juzi binti wa mama yangu mdogo alikuwa anaolewa. Mnajua taratibu zetu. Kadi ya mchango ikaja, likafunguliwa grupu la WhatsApp, orodha ikaanza kupita: jina, ahadi, kiasi kilicholipwa. Anayemaliza ahadi anawekewa alama ya tiki mbele ya jina lake. Nilipoona dada zangu wameandika 150,000, na mimi nikaandika 150,000. Sikuwa nazo. Wakati naandika nilijua sina, kidole kikaandika.

Zikapita wiki. Kila asubuhi orodha inapandishwa upya, na jina langu liko nambari saba, halina tiki. Juu yangu tiki, chini yangu tiki. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyekuwa analitazama jina langu. Pengine hakuna hata mmoja. Mimi nililitazama kama mtu anayetazama kidonda chake kila akioga. Kwenye akiba yangu kulikuwa na 70,000. Pungufu ni 80,000. Usiku mmoja nikapakua programu ya kukopesha kwenye simu, nikajaza jina, namba ya kitambulisho, nikaruhusu isome majina yote niliyohifadhi. Nikaomba 100,000. Zikaingia 82,000, zilizobaki wamekata mbele kwa mbele. Baada ya siku 14 natakiwa nirudishe 110,000.

Tiki nikaipata. Siku ya 13 sina 110,000, nikapakua programu ya pili ili nilipe ya kwanza. Ya tatu nikalipa ya pili. Kufukia shimo kwa udongo wa shimo jingine, ndiyo hiyo. Baada ya miezi mitano nilikuwa nimerudisha jumla ya 430,000, na bado nadaiwa 120,000. Kwa ajili ya 80,000! Kisha nikachelewa siku mbili, ujumbe ukaenda kwa watu walio kwenye simu yangu. Mwalimu mkuu aliupata. Mama mkwe aliupata. Mume wangu aliupata akiwa kazini, umeandikwa kwamba mkewe ni tapeli na amekimbia deni.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Marafiki wakanipigia: umeona, tulikuambia hao ni wezi. Nilifarijika sana, kwa kama siku mbili hivi, kwa sababu nilikuwa nimepata wa kumlaumu. Na lawama yao wanayo. Anayekuvunjia heshima kwa mama mkwe wako kwa sababu ya deni la simu ni mtu mbaya, na yeyote aliyefanyiwa hivyo aende akaripoti, asione haya. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya, imeharibu nyumba nyingi hapa Morogoro na kwingineko, hilo tunalishuhudia. Lakini hakuna kausha damu yeyote aliyekuwa amenishika mkono usiku ule nilipoandika "ahadi 150,000." Hapo nilikuwa peke yangu.

Sasa niwaambie kilichotokea mume wangu aliporudi jioni ile. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alikula, akanawa, akaniomba daftari la matumizi ya nyumbani. Tulikuwa nalo, nililiandika mimi kila mwisho wa mwezi ili yeye aone hela ya matumizi imekwenda wapi. Akafungua ukurasa wa mwezi uliopita. Unga, mchele, mafuta, luku, ada ya twisheni. Halafu, mara nne katika ukurasa mmoja, neno "dharura." Dharura 40,000. Dharura 25,000. Dharura 60,000. Dharura 30,000.

Akaweka kidole kwenye ile ya kwanza akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, dharura hii ni ipi?"

Nikasema, kitenge. Sare ya harusi.

Akashusha kidole. "Na hii?"

Mchango wa sendofu ya mwalimu mwenzangu.

"Na hii?"

Rejesho la simu.

Akafika ya nne, 30,000. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilifikiri, nikafikiri, nikatazama dari. Sikumbuki. Ndugu zangu, mpaka leo ninavyosimama hapa sikumbuki zile 30,000 nilizifanyia nini. Na nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu, kwa kalamu, nikapiga mstari chini, nikajumlisha, na jumla ikawa sahihi. Hapo ndipo nilipolia. Yale matatu ya kwanza yalikuwa makosa, lakini yalikuwa yangu, nayajua. La nne lilinionyesha kwamba nimezoea kuandika uongo mpaka mwenyewe siwezi tena kuusoma.

Tuna methali yetu, mali bila daftari huisha bila habari. Tunaitaja tukidhani ukishakuwa na daftari umepona. Mimi nilikuwa na daftari. Daftari halimsaidii mtu anayebadilisha majina ya vitu. Dharura ni msiba. Dharura ni mtoto anayepata degedege saa nane za usiku, ni mvua za masika zimeangusha ukuta wa choo. Harusi iliyotangazwa miezi minne kabla si dharura. Ada ya Januari si dharura, Januari haijawahi kukosa kuja. Lakini sandukuni kwetu hapa, na mimi ndiye mweka hazina nawaambia, robo tatu ya mikopo tunayoomba tunaiita hivyo, halafu tunaitazama meza, hatutazamani usoni.

Na kuna maneno mengine ya ukoo huohuo. "Kidogo tu." "Leo tu." "Nitarudishia mwisho wa mwezi." Hilo la mwisho nalichukia kuliko yote, kwa sababu anayekopwa ni wewe na anayekopa ni wewe, na hakuna siku ya kudaiana.

Baada ya usiku ule nilinunua kijidaftari cha kuingia mfukoni, nikakifunga kalamu kwa uzi. Nikaweka nadhiri ya mwezi mmoja: nisiondoke mbele ya muuzaji bila kuandika, na niandike kitu kwa jina lake. Si "mahitaji." Si "mengineyo." Nyanya ni nyanya. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko mfungo. Mara tatu nilijikuta nimerudisha kitu dukani kwa sababu sikutaka kukiandika, na hilo lilinifundisha kwamba moyo unajua mapema sana, kabla ya kalamu.

Mwisho wa mwezi nikaketi nikajumlisha kama mwalimu. Bando la simu 41,500. Kama mngeniuliza kabla ya hapo ningeapa ni 15,000, na ningeapa kwa moyo safi, kwa sababu nilikuwa nakumbuka lile la wiki tu, yale ya jero na ya buku ya katikati sikuyahesabu. Makato ya kutuma na kutoa pesa 23,400. Hapa nisimame kidogo. Tuna adabu yetu nzuri ya "tuma na ya kutolea." Mtu akikuomba 10,000 unatuma na ya kutolea ili impate ikiwa kamili. Ni wema, na sitaki tuuache. Lakini katika kichwa changu nilikuwa nimempa mdogo wangu 10,000. Ile ya juu yake sikuwa nimempa mtu, kwa hiyo haikuwepo. Ilikuwa inatoka kila mara bila kuwa na jina, na kitu kisicho na jina hakiandikwi.

Bodaboda za asubuhi, 1,500 kila safari, mara 19: 28,500. Chai na maandazi shuleni, 900 kwa siku 22: 19,800.

Nilipofika hapo nikaanza kuona kitu ambacho hesabu peke yake haikioneshi. Kwa nini bodaboda mara 19, wakati daladala inapita mbele ya kwetu? Kwa sababu nachelewa kuamka. Kwa nini nachelewa? Kwa sababu saa nne na nusu usiku nashika simu niangalie mara moja tu, nikiinua kichwa ni saa saba kasoro. Tangu mwaka 2018 hivi, simu nyingi za kisasa zina sehemu inayohesabu muda unaoitumia; nikaifungua kwa mara ya kwanza. Wastani wangu ulikuwa saa 4 na dakika 10 kwa siku. Zidisha kwa saba. Saa 29 na zaidi kwa wiki, yaani usiku na mchana mzima, na asubuhi ya kesho yake juu.

Basi fuateni njia, kama ubaoni. Simu usiku inakula bando. Usingizi unapungua, naamka saa kumi na mbili na robo badala ya saa kumi na moja. Uji wa nyumbani hautengenezwi, nitakunywa chai ya shuleni. Daladala siisubiri, naita bodaboda niwahi kusaini. Kwenye daftari ni mistari mitatu tofauti, bando, bodaboda, chai, iko kurasa mbalimbali na hakuna anayeihusianisha. Kwenye maisha ni kitu kimoja. Jumla yake 89,800. Ukiongeza makato na ya kutolea inakuwa 113,200.

Hisa yetu ni 5,000, na kwa katiba yetu mtu hanunui zaidi ya hisa tano kwa kikao. Kwa Jumamosi nne hiyo ni 100,000. Nyinyi ni mashahidi, miaka mitatu nilikuwa nanunua hisa mbili, na mwenyekiti akiuliza nasema "uwezo wangu unaishia hapo." Nilikuwa nasema mbele yenu na mbele ya Mungu kitu ambacho sikuwahi kukipima. Sisemi zile 113,200 zote zilikuwa za kutupa. Bando nalihitaji, mdogo wangu anahitaji msaada wangu. Nasema sikuwa na haki ya kutaja mwisho wa uwezo wangu nikiwa sijawahi kuutembelea.

Na muda una aibu kubwa kuliko fedha. Fedha nilizilipa, deni la mwisho la simu nililimaliza baada ya miezi minane. Lakini mwaka uleule binti yangu alikuwa darasa la sita, na mwalimu wake akaniita kuniambia kwamba mtoto hajui kugawanya sehemu. Mama yake ndiye anayefundisha sehemu! Jioni alikuwa ananiletea daftari, nami namwambia, "Mwanangu, mama hana muda, nimechoka." Kuchoka nilikuwa nimechoka kweli. Muda nilikuwa nao, saa nne na dakika kumi, ulikuwa mkononi unawaka mwanga. Sijawahi kumwambia hivi kwa maneno. Nilianza tu kukaa naye baada ya chakula, nusu saa, simu nimeiacha kwenye kabati la vyombo. Hakuniuliza kwa nini. Watoto hawaulizi, wanasogeza kiti.

Kaka zangu, msidhani nimewasahau. Kuna wenzetu hapa wanaopanga mkeka wa kubeti kila siku. Nimekaa na mmoja, ni mtu ninayemheshimu, akaniambia kwamba kwa ujumla yuko juu, kwa sababu mwezi wa sita alishinda 180,000. Siku ile anaikumbuka mpaka shati alilovaa. Nikamwuliza, mikeka iliyochanika ni mingapi? Akanyamaza. Kumbukumbu ya mtu ni karani anayependelea, inaandika mavuno na kuacha magugu. Nilimwomba kitu kimoja tu, kabla hajaweka buku aandike, na jioni aandike ilivyokuwa. Sikumwambia aache. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mchovyaji akihesabu vidole atajua mwenyewe.

Hata lile letu la "nipo njiani, nakaribia," na mtu bado anatafuta kiatu kingine chini ya kitanda, tunadhani tunamdanganya anayesubiri. Anayesubiri haamini kitambo sana. Anayeamini ni yule mwenye kiatu kimoja, na ndiyo maana kesho yake anachelewa tena.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta mbele yenu hasa. Tazameni sanduku hili hapa mezani. Lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, hawakai nyumba moja, na mimi mweka hazina ninayelaza sanduku nyumbani sina hata mmoja. Mbona hakuna anayeona kwamba huko ni kunitukana? Kwa sababu tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna binadamu anayepaswa kuachwa peke yake na fedha, hata akiwa mwema. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi kama chetu, na halmashauri inatusajili, lakini sheria haikutuletea kufuli hizi. Zilikuwepo kabla.

Mfumo huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini, kwa jina la Kihausa, Mata Masu Dubara. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Daftari hawakuwa nalo. Walichofanya ni kutoa na kupokea kila kitu mbele ya wote, na kila mmoja akakariri hesabu. Kiasi kilichomo kinatajwa kwa sauti wakati wa kufunga, na kikao kijacho kinatajwa tena kabla ya kufungua. Kalamu yao ilikuwa masikio ya wenzao. Na mfumo ule ulisimama, ukavuka mipaka, ukaja Afrika Mashariki, leo tumekaa chini ya mwembe huu kwa sababu yake.

Nilipoyatafakari hayo nikajiuliza: kwa nini fedha ya kikundi ina kufuli tatu na masikio 28, na mshahara wangu, siku zangu, jioni za mwanangu, havina hata sikio moja? Humo ndani mimi ndiye mwekaji, ndiye mkopaji, ndiye karani, na ndiye mkaguzi. Hesabu ya namna hiyo sisi wenyewe tusingeikubali hapa kwenye kikao. Tunaambiwa kila siku tuwe wakweli nafsini mwetu, na dini zetu zote zinalifundisha hilo, Waislamu wenzetu wana neno lake kabisa, muhasaba, na sisi Wakatoliki tunachunguza dhamiri kabla ya kitubio. Mimi naamini sana katika hilo. Lakini katika jambo la hela na saa, nimejaribu kuwa mkweli peke yangu nikashindwa, nikaona nahitaji mtu wa kushika ufunguo.

Nilianza na mume wangu. Haikwenda vizuri, naye ataniruhusu niseme, amekaa pale nyuma. Hela ya nyumba ni yetu sote, kwa hiyo kila nikisoma mstari yeye anasikia shutuma, na mimi nikisikia kimya chake nasikia shutuma. Nikamwendea mama mmoja tunayesali jumuiya moja, anauza sokoni mboga zinazoshuka kutoka Mgeta. Hajui kusoma. Tulikubaliana kila Jumapili jioni nimsomee wiki yangu, dakika kumi, naye anitajie yake. Masharti mawili. Hakuna kugombezana, na hakuna kutoa ushauri usioombwa. Anachoruhusiwa ni lile swali la mume wangu, "hii ni ipi?"

Wiki ya tatu nikamsomea, "nauli, 12,000." Akasema, "Mwalimu, wiki iliyopita ilikuwa 7,000. Shule imehamishwa?" Hajaandika popote. Alikuwa ameibeba kichwani wiki nzima, kama wale mama wa Niger, hesabu isiyo yake. Sijui kama mnaelewa ninachosema. Kuna mtu anabeba ukweli wangu kichwani pamoja na bei za mchicha na bamia. Nikijua kwamba Jumapili nitaukuta kwake, Jumatano siwezi kuuficha kirahisi.

Mtu atasema, mwalimu, mambo ya mfukoni ni siri. Ni kweli, na siyo kila mtu wa kuambiwa. Mchague mtu asiye na mdomo. Lakini siri tunayoitetea mara nyingi tumeifichia wa karibu tu. Kausha damu anaijua, wakala wa pesa anaijua, na simu yako inaijua kwa dakika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliumbuliwa na ujumbe wa simu uliosomwa na mama mkwe wangu.

Na kuna jambo moja nisipolisema nitakuwa nimewakosea baadhi yenu. Yupo atakayeandika mwezi mzima, kila kitu kwa jina lake, akafika mwisho akakuta hakuna shilingi iliyopotea njiani. Unga, kodi, dawa ya mama, nauli, basi, na bado haikutosha. Huyo asijilaumu, na asiruhusu mtu amlaumu. Daftari lake limesema kweli pia: tatizo lake si nidhamu, kipato hakitoshi, na hilo linahitaji mazungumzo mengine hapa kikundini. Tumekuwa wepesi mno wa kumwambia maskini "hujui kupanga." Aliyepanga 6,000 ya siku kwa watu watano anajua kupanga kuliko sisi sote.

Mtaniuliza kuhusu harusi. Nachangia bado. Mwezi wa nane ilikuja kadi nyingine, ukoo uleule, grupu jipya. Nikaenda kwa mama mdogo mwenyewe, sikuandika kwenye grupu kwanza. Nikamwambia, "Mama, nina 20,000, na nitakuja siku mbili kabla nisaidie jikoni." Moyo ulikuwa unadunda kama wa mwizi. Mama mdogo alitazama chini, akasema sawa. Shangazi mmoja alinuna, ameninunia mpaka leo, na inaniuma, maana nampenda. Lakini usiku wa kuamkia harusi, tukiwa tunachambua mchele, dada yangu, yule aliyeandika 150,000 wa kwanza mwaka ule, alinisogelea akaniuliza kwa kunong'ona, "Ulisemaje? Uliwaambiaje?" Nikajua kwamba na yeye hakuwa nazo.

Mwenyekiti, naona wahesabuji wameshasogea, na jua linapanda. Nimalizie kwa kusoma wiki yangu, ili msinisikilize bure. Jumapili, sadaka 2,000, nyama nusu kilo. Jumatatu, daladala kwenda na kurudi, bando la wiki. Jumanne, daladala, daftari mbili za mtoto. Jumatano, bodaboda 1,500, nililala saa saba, nilikuwa naangalia video. Alhamisi, daladala, nyanya, vitunguu, dagaa. Nimemtumia mdogo wangu 10,000, na ya kutolea, nimeiandika mstari wake. Ijumaa, 6,000. Hapa nimeandika "mengineyo." Mshika ufunguo wangu yuko pale kwenye benchi la mbele, kesho jioni ataniuliza ni ipi, na bado sijamtafutia jibu.

Wenye funguo, piteni mbele.